Uzi: Tulizaliwa tisa, kota ya vyumba viwili, Tabora. Waliokulia nyumba zenye watoto wengi tukutane hapa

Mwana wa Kota, #1

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi uliopita nilikuwa msibani Tabora. Usiku tulilala ndugu watano chumba kimoja, watu wazima, wengine na mvi kichwani. Taa ilipozimwa, bila mtu kusema neno, tukajikuta tumelala mzungu wa nne: huyu kichwa huku, yule kichwa kule, miguu ya kaka iko begani kwangu kama ilivyokuwa miaka arobaini iliyopita. Tangu usiku ule nina hamu ya kuandika, na leo nimepata nafasi.

Mimi ni wa tatu kati ya watoto tisa. Baba alikuwa mtu wa reli, upande wa njia. Hakuwa dereva wala gadi mwenye filimbi na bendera. Alikuwa gengi, wale wanaotembea juu ya tuta na nyundo na spana, wanakaza, wanabadili mataruma (vile vipande vinavyolazwa chini ya reli), wanarudisha kokoto zilizobebwa na mvua. Mama alikaanga vitumbua alfajiri na karanga jioni. Kota yetu ilikuwa na vyumba viwili, jiko la nje, na bomba moja la maji kwa nyumba sita.

Kwa wasioijua Tabora: pale ndipo reli ya kati inapogawanyika. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, halafu Waingereza wakamaliza tawi la Mwanza mwaka 1928. Kwa hiyo siku zile treni ya kutoka Dar ikifika kwetu inakatwa, mabehewa mengine yanakwenda Kigoma, mengine Mwanza. Kurudi, yanaungwa tena. Kuunga na kukata kunachukua muda, abiria wana njaa, na sisi watoto wa kota tupo na vikapu. Tuliuza maembe, karanga, mayai ya kuchemsha, na wakati wa mvua uyoga. Kutoka Kigoma zilishuka dagaa, migebuka na madebe ya mawese. Kutoka Mwanza alishuka sato mkavu. Ukinusa stesheni ulijua treni iliyopo ni ya wapi kabla hujaiona.

Nianze na kulala. Chumba cha watoto kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba na mikeka miwili. Kichanga alilala na wazazi, waliobaki tulijipanga kwenye kitanda na mikeka. Dada, ambaye ndiye mkubwa wetu, alikuwa na desturi moja. Kibatari kikishazimwa, anapita gizani anagusa vichwa, na kila kichwa anakitajia namba kwa sauti ya chini. Moja. Mbili. Tatu. Kwa kuwa tulilala mzungu wa nne, mara nyingi alishika mguu akidhani ni kichwa, anarudia. Sikumbuki usiku hata mmoja ambao nililala kabla sijaguswa.

Kula nako kulikuwa na sheria zake. Masinia mawili, moja la wakubwa na moja la wadogo, ili mwenye mkono mkubwa asimmalize mdogo. Mboga inagawiwa na Dada, hakuna wa kujigawia. Nyama ikipatikana, kila mtu kipande chake, na unakiweka pembeni unakila mwisho. Mdogo wetu mmoja alikuwa akianza na nyama, halafu anakaa anatazama za wenzake. Alifanya hivyo miaka yote na hakuna aliyeweza kumfundisha. Ukoko wa sufuria ulikuwa na zamu. Zamu ya ukoko haikuuzwa, ila uliweza kuikopesha, na mimi nina ndugu ambaye mpaka leo ananidai ukoko wa mwaka 1981.

Tupieni na ninyi. Nitarudi jioni na kisa cha sabuni.

---

Wa Muthurwa, #2

Ndugu zangu wa huko chini, salamu kutoka Nairobi. Hili la reli limenigusa kwa sababu hata mimi ni mtoto wa reli. Nilikulia Muthurwa, nyumba za wafanyakazi wa reli. Ninyi mlikuwa na vyumba viwili, sisi kimoja. Pazia katikati: wazazi upande ule, watoto saba upande huu. Mvulana akianza kubadilika sauti, anahamia kulala kwa jirani mwenye wavulana wakubwa, na dada yao anakuja kwetu. Hakuna mkutano uliofanywa. Akina mama waliangaliana tu, kesho yake unaona blanketi lako limebebwa.

Jioni uwanja mzima ulikuwa wetu. Tulicheza bano, kati, brikicho. Mama akikutuma dukani anatema mate chini anakuambia, "Haya yasikauke kabla hujarudi." Nilikuwa nakimbia huku nikiwaza jua.

---

Mkonge Damu, #3

Mkuu Wa Muthurwa, hiyo kati yenu kwetu ni rede, na brikicho ni kombolela. Mate ni yale yale.

Mimi ni wa Korogwe, kambi ya mkonge. Baba mkataji. Tulikuwa nane. Michezo yetu yote ilitoka shambani: kamba ya kuruka ni mkonge, bembea ni mkonge, mpira umefungwa kwa mkonge. Raha kuu ilikuwa kudandia vitoroli vilivyobeba majani kwenda kiwandani, ukishikwa unachapwa pale pale na mtu yeyote mzima aliye karibu. Na ukipitisha mkono kwenye maji ya majani mabichi unajikuna mpaka usiku. Mama anajua ulikokuwa bila kukuuliza.

---

Mwana wa Kota, #4

Asanteni. Kisa cha sabuni sasa.

Vijana wengi humu hawakuona miaka ile. Baada ya vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979, maduka yalikauka. Ikawa sukari kwa foleni, mafuta kwa foleni, vitambaa kwa foleni, na vingine mpaka upitie kwa balozi wa nyumba kumi. Tulifua kwa majani ya mpapai. Ikisikika kwamba lori limeshusha mzigo, mtaa mzima unakimbia. Watu walianza kupanga mawe tangu usiku, na kila jiwe lina mwenyewe.

Kwenye foleni, wingi wetu ndio ulikuwa mtaji. Nyumba ya watoto wawili inaweza kuwa sehemu mbili. Sisi tuliweza kuwa kwenye sukari, kwenye mafuta ya taa na bombani kwa wakati mmoja, na bado akabaki wa kubeba mtoto.

Mwaka 1983, muda mfupi kabla ya Krismasi, ikasikika kuna sabuni ya mche, mche mmoja kwa mtu. Dada akatupanga sita. Akatupa maelekezo kama kocha: msisimame pamoja, kila mmoja aache watu wanne au watano katikati, msisalimiane, msicheke, Kulwa na Doto wasikaribiane kabisa maana wanafanana. Tukajipanga vizuri sana. Kaka akachukua mche, akaondoka bila kugeuka. Nikafuata mimi, nikachukua. Akafuata Kulwa.

Kumbe kuna kitu Dada hakukiwaza. Mama alikuwa amepata jora moja la kitambaa, la buluu lenye maua ya njano, akampelekea fundi cherehani, na fundi akatushonea wote nguo za sikukuu kutoka jora lile lile. Wasichana magauni, wavulana mashati, na kipande kilichobaki kikawa kofia ya mtoto. Nguo zetu za kawaida zilikuwa zimechakaa mno kwa mbele za watu, kwa hiyo siku ile ya sabuni tulivaa zile mpya. Wote sita.

Muuzaji alimpa Kulwa mche, akamtazama shati. Akanyoosha shingo akatazama foleni mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ambayo bado naisikia: "Wote wenye maua ya njano, pembeni!"

Doto akatoka. Dada akatoka na mtoto mgongoni, mtoto naye na kofia yake ya maua ya njano. Shija, ambaye alikuwa mdogo na hakuelewa, akatoka anacheka, akaja akamshika muuzaji mkono.

Tukasimama pale watu wakitutazama. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni akasema, "Hao watoto wa gengi, wako kumi na kitu kwao. Mnataka wafuliwe na nini?" Watu wakaanza kunung'unika upande wetu. Muuzaji akakuna kichwa, akatuacha tuondoke na miche mitatu tuliyokwisha kuchukua. Njiani Dada hakusema neno mpaka tulipofika kwenye miembe. Pale akakaa chini, akacheka mpaka akalazimika kumtua mtoto.

Miche ile mitatu mama aliikata vipande kwa uzi, akaifungia kwenye sanduku. Ilifika Pasaka.

---

Pacha Mmoja, #5

Kofia ya mtoto imenimaliza. Mkuu, Shija ndiye anayefuata mapacha, sivyo? Kwetu Shinyanga hivyo hivyo, Kulwa, Doto, halafu Shija.

---

Mwana wa Kota, #6

Ndiyo mkuu. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma jina linakuja na nafasi uliyozaliwa. Shija wetu alikuwa na miaka sita mwaka ule.

---

Kitinda Mimba 88, #7

Shikamooni wakubwa. Swali la kweli: mlisomaje? Mimi tuko wawili tu kwetu na nilikuwa nashindwa kusoma kwa kelele za TV.

---

Mwana wa Kota, #8

Marahaba mdogo wangu. Shule ya msingi haikuwa na karo, na baada ya kampeni ya elimu kwa wote ya mwaka 1977 watoto walijaa madarasani mpaka wengine wakakaa chini. Shule yetu iligawa mikondo, asubuhi na mchana. Hili lilitusaidia nyumbani kwa sababu kulikuwa na jozi moja ya viatu vya ngozi vinavyomtosha Kaka na kunitosha mimi tukiweka karatasi mbele. Yeye asubuhi, mimi mchana. Tulikutana njiani kwenye mwembe mmoja, anavua, navaa, vya moto bado kutoka miguuni kwake. Mvua ikinyesha kutwa, mwalimu wa mchana alinikuta na viatu vilivyoloa wakati mimi natoka tu nyumbani.

Usiku kibatari kilikuwa kimoja. Wakubwa walisoma, wadogo wakasikiliza. Kulwa alijua jedwali la saba kabla hajaanza darasa la kwanza, kwa kusikia tu mimi nikilikariri. Jirani alikuwa na redio, na siku ya kipindi cha Mama na Mwana watoto wa kota sita tulikaa chini ya dirisha lake. Jirani hakutufukuza hata siku moja, aliongeza sauti.

Na tisa hatukuwa ajabu. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 1991/92 ulikuta mwanamke wa Tanzania anazaa wastani wa watoto zaidi ya sita. Ule wa 2022 unasema 4.8. Kwenye kota zile sita, nyumba yenye watoto wanne ilionewa huruma.

---

Kifungua Mimba, #9

Kaka Mwana wa Kota, nimesoma yote, na kisa cha sabuni nimemsomea mume wangu. Lakini niruhusu niseme kitu, wala sina ugomvi.

Umeandika "Mboga inagawiwa na Dada". "Dada akatupanga". "Dada akatoka na mtoto mgongoni". Dada alikuwa na miaka mingapi?

Mimi ni wa kwanza kati ya kumi na mmoja, Singida. Baba alikuwa dobi. Rede sijui kuicheza mpaka leo. Nilikuwa nasimama pembeni natazama wenzangu wakirusha, kwa sababu nikiruka mtoto mgongoni anaamka. Nilimwagiwa mikojo mgongoni nikiwa darasa la tatu, nikaenda shule hivyo hivyo kwa kuwa gauni lilikuwa moja. Ndugu zangu wakikutana wanasimulia raha za utotoni, na ni kweli walikuwa na raha. Mimi nakaa nasikiliza. Siwachukii. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, wewe ulikuwa unafanya nini wakati sisi tunacheza.

Kwa hiyo nakuuliza kwa niaba yake.

---

Mwana wa Kota, #10

Dada Kifungua Mimba, shikamoo. Nimekaa na ujumbe wako tangu asubuhi. Nilianza kujibu mara mbili nikafuta.

Alikuwa na miaka kumi na minne.

Nimejaribu kukumbuka Dada akicheza. Namkumbuka akicheka, akiimba huku anatwanga, akimfukuza mbuzi wa jirani. Akicheza, simwoni. Kwenye kombolela tulihesabia kwenye nguzo ya jiko, na yeye alikuwa jikoni. Tulimwita "nyumbani". Ukikimbia ukamgusa Dada, umepona, hukamatwi. Tulikuwa tunakimbilia kwake kila siku na mikono yake ina unga.

Kuna kisa sikutaka kukiandika kwa sababu kwetu hakisimuliwi sana. Nitakiandika kwa ajili yako na ya Dada.

Ni mwezi ule ule wa Desemba 1983, siku chache baada ya Krismasi. Mama alikuwa amejifungua wa tisa, ana siku tisa tu kitandani. Baba yuko njiani na gengi lake, upande wa Igalula, mvua zilikuwa zimekula tuta na walilala huko huko. Maembe yalikuwa yameiva, kwa hiyo jioni treni ya Dar ilipokuwa inaungwa tulikwenda kuuza: Kaka, mimi, mapacha, na Shija aliyelia mpaka tukamchukua. Dada alibaki na mama, kichanga, na wadogo wawili.

Treni ilipiga honi, tukashuka, tukatawanyika. Giza lilikuwa limeingia. Kaka alikwenda kurudisha kikapu cha watu. Mimi nilipita bombani. Mapacha walikwenda na njia ya miembe. Kila mtu alikuwa na uhakika kamili kwamba Shija yuko na mwenzake. Aliyekulia nyumba ya watoto wengi analijua jambo hili. Mtoto haachwi kwa kusahauliwa. Anaachwa kwa sababu kila mmoja anaamini ameshikwa na mwingine, na siku nyingi huwa ni kweli.

Tukala. Sinia la wadogo lilikuwa na nafasi na hakuna aliyeliona hilo, maana gizani mikono haihesabiki. Tukalala.

Dada akapita. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Akanyamaza. Akaanza upya, moja, mbili, safari hii akibonyeza kila kichwa kama anayechagua embe. Sita.

Akaniamsha mimi, akaniziba mdomo kwa kiganja. Akaninong'oneza, "Shija yuko wapi?" Sikujibu, na yeye akawa amejua. Akasema, "Mama asisikie." Akajifunga kanga, akachukua taa, tukatoka. Kutoka kota mpaka stesheni kuna njia ya kandokando ya reli, na usiku wa mvua yale mataruma ya chuma yanateleza. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Njia nzima aliita jina la Shija, siyo kwa kupiga kelele, kwa sauti ile ile ya kuhesabia.

Stesheni hapakuwa na mtu isipokuwa mbwa na mlinzi. Dada akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la stesheni masta, akagonga. Mtoto wa kike wa miaka kumi na minne, miguu ina matope mpaka magotini. Hakulia. Akasema, "Shikamoo baba. Mimi ni mtoto wa gengi. Mdogo wangu amekwenda na treni. Ana miaka sita, ana shati la maua ya njano."

Yule mzee alisimama, akazungusha simu ya reli. Tuliwasikia wakiongea na Igalula. Treni ilikuwa haijafika. Tukasubiri. Saa ya ukutani pale nimeikumbuka kuliko kitu chochote cha utoto wangu, mlio wake tu, uso wake siukumbuki. Simu ikalia. Akasikiliza muda mrefu, akatugeukia: amepatikana. Daraja la tatu, amelala chini ya benchi katikati ya madebe ya mawese, amekumbatia kopo lake.

Walimshusha Igalula, mke wa mfanyakazi mmoja wa pale akampa uji na mkeka. Asubuhi watu wa gengi wakaambiwa, na baba ndiye aliyekuja kumchukua. Walirudi Tabora kwa kiberenge, Shija amekaa mbele ya wanaume wanne, upepo unampiga usoni, amevishwa koti la baba la mvua. Tulimwona kutoka mbali kwenye njia. Alikuwa anatupungia mkono. Kwake ile ilikuwa safari bora kuliko zote, na watoto wa kota nzima walimwonea wivu kwa muda mrefu. Kwenye kopo hela ilikuwa kamili.

Baba hakumchapa mtu. Alimtazama Dada, akamwambia, "Asante, mama." Alimwita mama. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sikulitilia maanani.

Dada alikuwa amemaliza darasa la saba na anasubiri matokeo. Yalitoka. Shule yetu nzima walichaguliwa wachache mno kwenda sekondari na jina lake halikuwemo. Ninajua alivyokuwa na akili, jedwali lile la saba ni yeye aliyenifundisha. Alibaki nyumbani. Vitumbua vya mama vikawa vyake. Kaka alisoma kwa vitumbua vile, mimi nikasoma, mapacha wakasoma, Shija akasoma. Leo mimi ni mwalimu, na nikiona mtoto wa kike anasinzia dawatini siku ya Jumatatu huwa namwuliza kwanza wako wangapi kwao.

Ulichoniuliza, sijawahi kumwuliza. Nampigia leo.

---

Wa Muthurwa, #11

Nimesoma mara mbili. Sisi tulikuwa saba na aliyetuhesabu ni ndugu yangu mkubwa, mvulana. Aliacha shule akaenda kubeba mizigo soko la Wakulima. Sijui kama nimewahi kumshukuru kwa mdomo.

---

Kifungua Mimba, #12

Marahaba kaka. Mpigie. Ila usimwanze kwa kumshukuru, atakukatiza. Mwulize tu alikuwa anapenda nini.

---

Mkonge Damu, #13

Kwetu Shija wetu alipotelea kiwandani, tukamkuta amelala kwenye rundo la singa, zile nyuzi za mkonge. Dada yetu alimpiga makofi mawili halafu akambeba mgongoni mpaka nyumbani, na alikuwa mzito. Nimemkumbuka leo. Alifariki 2009.

---

Mwana wa Kota, #14

Pole sana mkuu Mkonge Damu.

Nimeongea na Dada, karibu saa nzima. Nilimsomea uzi wote, hata majina yenu, na amewasalimu. Wewe Kifungua Mimba amekusalimu mara mbili.

Nilimwuliza alikuwa anapenda nini. Alinyamaza, akasema alipenda mkondo wa asubuhi, ile saa ya kwanza darasani kabla ya jua kali, kwa sababu mgongo ulikuwa mtupu. Akaongeza kwamba rede aliicheza, mara nyingi tu, saa za mchana sisi tukiwa shule na wadogo wamelala, yeye na wasichana wengine wakubwa wa kota, wamefunga kanga kiunoni. Hatukuwepo ndiyo maana hatujui.

Halafu alinisahihisha. Taa ile haikuwa kibatari chetu kama nilivyokuwa nadhani, kibatari kingezimwa na upepo. Ilikuwa chemli ya jirani mwenye redio, aliigongea hodi kwanza. Na kopo halikuwa la Shija, lilikuwa la mama la kupimia karanga.

Na jambo la tatu. Mimi miaka yote nimeamini kwamba mama hakujua mpaka asubuhi. Dada anasema mama alimwambia mwenyewe, mwaka ule alipokuwa anaugua. Ukuta kati ya vyumba haukufika juu. Kila usiku mama alikuwa halali mpaka asikie hesabu ya Dada imefika mwisho. Usiku ule alisikia sita, akasikia imeanzwa tena, akasikia sita. Akainuka na uzazi wake wa siku tisa, akafika mlangoni, akaiona chemli inakwenda stesheni kando ya reli. Akakaa pale kizingitini na kichanga mapajani mpaka alipoiona inarudi. Tulipokaribia aliingia ndani, akalala.